Nyama choma Kijenge: sehemu ya kukaa na mtu wako mkaongea mpaka mchoke wenyewe

Kama uko Arusha na unatafuta sehemu ya kukaa jioni na rafiki yako mpige stori bila kupaziana sauti, nenda kile kijiwe cha nyama choma cha Kijenge chenye geti la bati la kijani. Nimeanza na jibu kabisa maana najua wengine hamtafika mwisho. Hakina kibao wala ukurasa wa Instagram, we ukishuka Kijenge muulize bodaboda yeyote sehemu ya mbuzi yenye miparachichi atakupeleka. Ndani ni uwanja wa kawaida tu, miparachichi mitatu, meza za mbao na mabenchi, jiko la kuchomea liko kushoto unapoingia, jikoni kwa nyuma, choo mwisho kabisa. Hamna mapambo, hamna taa za rangi rangi, hamna kona ya kupigia picha.

Sasa kwa nini nakisifia wakati Arusha hii nyama choma iko kila kona? Mi nimekula Kwa Mrombo, nimekula Sakina, Njiro, Mbauda, hadi kule Ngaramtoni, na nyama nzuri ziko nyingi, mji huu huwezi kufungua sehemu ya nyama mbovu ukadumu. Shida ni kwamba ukishakula huwezi kukaa. Unakuta sehemu ina spika nne kila moja saizi ya kabati, DJ anaanza kupiga saa kumi na moja jioni, nyie mko wawili meza moja mnaandikiana meseji ili mjue mwenzako anasema nini. Kuna sehemu moja siitaji tuliomba wapunguze kidogo tu, mhudumu akatujibu wateja ndo wanapenda, wakati wateja wenyewe tulikuwa sisi na meza nyingine moja. Af ukimaliza kula ukakaa kidogo bila kuagiza wanaanza kukuzungukia na kitambaa cha kufutia meza. Hii kitu inaniuma kwa sababu mtu aliyetoka nyumbani kuja kuonana na rafiki yake hajafuata nyama peke yake, nyama hata nyumbani tunachoma, amefuata maongezi.

Hapa Kijenge spika ni moja, ndogo, imetundikwa juu ya mlango wa jikoni, na simu inayopiga muziki anaishika mama mwenyewe mwenye sehemu. Anapiga zilipendwa, anapiga rumba, anapiga bongo fleva ya miaka ya 2000 mwanzoni, mara moja moja anaweka na za sasa hivi, na sauti ameiweka chini kiasi kwamba ukitaka kusikiliza unasikia kila neno na ukitaka kuongea unaongea kama uko sebuleni kwako. Runinga ipo, inawashwa sauti siku za mechi tu.

Mi nilienda na shosti wangu wa tangu sekondari, mtu wa Moshi, mwalimu huko huko, alikuja Arusha kwa semina akalala kwangu. Tumefika saa kumi na mbili jua linazama, tumetoka saa tano kasoro, na hakuna mtu hata mmoja aliyetuangalia vibaya kwamba tumekaa sana. Na niseme hili kwa wanawake wenzangu, tulikuwa wawili, hatuna mwanaume mezani, na hakuna aliyekuja kutusumbua wala kutuma bia tusizoagiza. Mama yule ana macho. Kuna kaka mmoja alianza kuvuta benchi kuja kwetu bila kukaribishwa, mama akamwita jina lake kwa sauti ya kawaida kabisa, yule kaka akarudi alikotoka. Kwa hilo tu mi nampa maksi zote.

Tumekaa, hatujaagiza bado, ikapigwa ngoma ya zamani ya Nako 2 Nako, lile kundi la hip hop la hapa Arusha, shosti akaiweka simu yake chini kifudifudi, hapo nikajua jioni imeanza. Maana sisi ni watoto wa kipindi kile hip hop ya Chuga, yaani Arusha yetu, ilikuwa na sauti yake, ukisikia tu beti mbili unajua hawa sio wa Dar. G Nako, Lord Eyez, Ibra da Hustler, Bou Nako, halafu Joh Makini na mdogo wake Nikki wa Pili, baadaye wengine wakaungana wakawa Weusi. Shosti anasema Weusi walivyokuja walisafisha, video kali, mavazi, biashara, wakaonyesha kwamba mtu wa Arusha anaweza kuliteka soko la Dar bila kubadilisha anavyoongea. Mi namkubalia ila namwambia usiruke, kabla yao kulikuwa na X Plastaz, na ukiongelea Arusha bila X Plastaz umeanza hadithi katikati.

X Plastaz ndo watu waliochukua uimbaji wa Kimaasai, ule wa kifuani kabisa, wakauweka juu ya biti ya hip hop na ukakaa. Albamu yao Maasai Hip Hop ilitoka 2004 kwa lebo ya Ujerumani, wakazunguka Ulaya kabla ya wasanii wengi wa Bongo kuwa hata na pasipoti. Merege anaimba na shuka lake, Gsan na Faza Nelly wanachana, na wote wako sawa, hakuna aliyewekwa pale awe pambo la mwenzake. Shosti hapo akanikumbusha Mr. Ebbo, yule wa Mi Mmasai, tulivyokuwa tunaucheka ule wimbo shuleni, darasa zima linaongea lafudhi yake. Tukabishana hapo muda mrefu. Yeye anasema Mr. Ebbo alikuwa Mmasai mwenyewe akijicheka na kuwacheka wa mjini, na ukisikiliza vizuri anayeonekana mjinga kwenye mashairi yake sio Mmasai, ni mtu wa mjini aliyeacha kwao. Mi nakubali alikuwa na akili nyingi, Mungu amrehemu, alifariki 2011, lakini mi nakumbuka pia watoto wa Kimaasai waliokuwa shuleni kwetu walivyoitwa majina kwa sababu ya ule wimbo, na hawakuwa wanacheka. X Plastaz walikupa Mmasai unayemsikiliza, na hiyo ni kitu kubwa kwa mtoto aliyekuwa anataniwa masikio yake.

Hapo ndo kijana wa kuhudumia akafika, kijana mdogo tu ana kama miaka ishirini, "karibuni ma-sister", anauliza kilo ngapi, shosti badala ya kumjibu akamuuliza unawajua X Plastaz? Hawajui. Nikki wa Pili? Anamjua, "si yule mheshimiwa, mkuu wa wilaya". Yaani kijana wa Arusha anamjua Nikki kama mheshimiwa kwanza, rapa baadaye! Na ni kweli, 2021 aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe, sio kwamba kijana kakosea. Tukamwambia basi ukirudi nyumbani tafuta Faza Nelly, aliuawa hapa hapa Arusha mwaka 2006, alikuwa anachana vizuri kupita wengi unaowasikia leo. Kijana akatoa simu akaandika jina, akaenda kuleta supu. Aliporudi na supu alikuwa ameshasikiliza wimbo mmoja kule jikoni, na ana maswali.

Supu sasa. Hapa supu ya mbuzi inakuja bure kwenye kikombe wakati unasubiri nyama, ya moto kweli kweli, ina ndimu na pilipili pembeni, na kwa baridi ya Arusha ya mwezi wa saba hiyo supu sio ya kupuuzia. Wanakuletea pia jiko dogo la mkaa chini ya meza ukiomba, hawatozi hela. Nyama ni mbuzi, kilo ni 16,000, unachagua mwenyewe kipande kikiwa kibichi, mbavu au paja, wanapima unaona. Inachukua kama saa nzima kuiva na hawakudanganyi kwamba ni dakika kumi. Ikija, mchomaji mwenyewe anakuja na ubao na kisu anakata mbele yako, chumvi pembeni, ndizi choma, kachumbari. Ladha ni ya nyama na moshi na chumvi basi, hawaweki viungo vya kuficha kitu. Mbavu zilikuwa kavu kwa nje na laini karibu na mfupa, paja lilikuwa gumu kidogo sehemu moja, si sana. Kachumbari ndo udhaifu wao, wanakupa kidogo, na ya kuongeza ilichelewa mpaka nyama ikaanza kupoa. Pilipili yao ya kusaga kuwa nayo makini.

Wakati tunasubiri tukaingia kwenye tamthilia, na hapo na shosti wangu ukifika hutoki. Sisi tumelelewa na ITV. Isidingo! Barker Haines na Cherel, wale watu wabaya wawili wa Horizon Deep, ule mji wa mgodi wa mle ndani, tulikuwa tunawachukia na hatuwezi kulala bila kuwaona. Ile tamthilia Afrika Kusini ilianza 1998 ikaisha 2020, na yule mama aliyeigiza Cherel, Michelle Botes, alifariki Desemba 2024, shosti ananiambia alivyosikia alikaa kimya stafu rumu nzima ikamshangaa. Mi namuelewa. Mtu umeingia naye kila jioni sebuleni kwenu utoto wako wote.

Ila shosti akasema kitu ambacho sikuwahi kukifikiria hivyo. Kwao Majengo bibi yake alikuwa anakaa mbele kabisa kwenye Isidingo na hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, kwa hiyo kazi ya shosti ilikuwa kukaa chini ya kiti cha bibi na kueleza, huyu amesema hivi, yule anamdanganya huyu, bibi anatoa hukumu. Na akikosea kueleza bibi anajua, anamwambia mbona sura yake haisemi hivyo. Sasa 2011 TBC wakaanza kuonyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili, na bibi kwa mara ya kwanza akamwambia shosti nyamaza. Alikuwa anaelewa mwenyewe. Anacheka kabla ya mjukuu, analia kabla ya mjukuu. Na zile stori za mama mkwe na mkamwana kwenye nyumba moja, bibi wa Kichaga anaambiwa nini kipya hapo, alikuwa anajibizana na runinga. Ile tamthilia ilikuwa kubwa mpaka Rais wa China Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Baada ya hapo ndo tukaja kuona na Azam TV wanatuletea Sultan, ile tamthilia ya Kituruki, Hurrem anaongea Kiswahili kilichonyooka, na mtaa mzima unaingia ndani saa ile ile.

Shosti kwa hiyo msimamo wake ni kwamba Doudou ndo alifungua mlango, kabla yake hatukuwa na muvi za nje kwa Kiswahili. Mi nikamwambia hapana, hapana kabisa, na Lufufu umemuweka wapi? Nilisema kwa sauti kidogo nadhani, maana mchomaji kule jikoni kwake akageuka na kisu mkononi, "Lufufu! Nani amemtaja Lufufu?" Basi ikawa ndo hiyo, nyama ikabaki inamsubiri mwenzake aigeuze, kaka akaja kusimama mezani kwetu.

Kwa ambao hamkuwepo, kabla ya Azam na kabla ya tamthilia za Kichina kulikuwa na vibanda umiza, unaingia na hela ndogo, mabenchi, joto, runinga moja mbele, na muvi ya Kichina au ya Kihindi au ya Marekani inaenda huku mtu mmoja anaitafsiri yote peke yake. Anakuwa stelingi, anakuwa adui, anakuwa mama anayelia, na katikati anaweka ya kwake. Lufufu ndo aliyekuwa jina kubwa la kazi hiyo, kanda zake zilitembea nchi nzima, na baada yake wakaja kina DJ Mark, na Kenya wana DJ Afro mpaka leo. Mchomaji alikulia Unga Limited, anasema muvi aliyoiona na Lufufu halafu baadaye akaiona bila Lufufu aliona kama imekatwa nusu. Akatufanyia pale pale, sauti tatu, adui, stelingi na yule mzee mwalimu wa kung fu anayekufa mwanzoni ili stelingi awe na sababu. Meza tatu zilikuwa zinamsikiliza. Hakuna shoo niliyolipia ukumbini mwaka huu iliyonigusa kama yule kaka na aproni yake.

Hapo shosti akasalimu amri nusu. Alisema sawa, Lufufu alitangulia, lakini Lufufu alikuwa wa wanaume na watoto wa kiume, mabinti hatukuruhusiwa kwenda vibanda umiza, bibi yangu asingeingia mule hata umpe ng'ombe. Doudou alikuja nyumbani. Mi sikuwa na jibu na sina mpaka sasa hivi, nadhani yuko sahihi. Mchomaji pia alikubali, akasema kweli, dada zake walikuwa wanasubiri yeye arudi awahadithie.

Kwenye meza ya jirani alikuwa amekaa mzee mmoja na mwanae, amevaa koti zito na kofia, muda wote anakula taratibu. Aliposikia muvi muvi akatuuliza, "Mabinti, mnaijua muvi iliyopigwa hapa kwetu?" Shikamoo mzee, marahaba, tukageuza benchi. Anaongelea Hatari!, ile ya John Wayne. Mi naijua kwa sababu nilifanya kazi kidogo kwenye utalii, lakini shosti hakuwa anajua kwamba ilipigwa upande huu wetu, na yuko Moshi miaka yote hiyo. Howard Hawks, mwongozaji wake, alikuja na watu wake Tanganyika kabla ya Uhuru, wakapiga picha, muvi ikatoka 1962. Stori yake ni watu wanaokamata wanyama wazima wazima kwa ajili ya bustani za wanyama za nje, na zile za kukimbizana na vifaru ni waigizaji wenyewe wamekaa juu ya gari, sio kompyuta. Mwishoni watoto wa tembo wanakatiza mjini wanamfuata dada mmoja, muziki wa Henry Mancini ule wa kuchekesha wa tembo ambao mnaujua hata kama hamjui unatoka wapi. Na Hardy Krüger, Mjerumani aliyeigiza mle, alipapenda Momella akanunua shamba akaishi huko miaka, alifariki 2022 akiwa na miaka 93. Ile sehemu leo ni loji, pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na jina wameliacha la muvi.

Mzee kitu kinachomkera ni kimoja na alikisema vizuri sana, kwamba ukiangalia ile muvi unaona mlima, unaona wanyama, unaona vumbi letu, lakini watu wetu wako nyuma wanabeba kamba, hujui hata mmoja anaitwa nani. Shosti akasema ndo maana kizazi chetu tulivyomuona Kanumba, yule mwigizaji wa Bongo Movie, kwenye bango kubwa tulichanganyikiwa, mtu wetu, jina lake juu, anaigiza na Wanaijeria na hajawekwa nyuma. Tukanyamaza kidogo hapo maana kila mtu anakumbuka alikuwa wapi tarehe 7 Aprili 2012, siku aliyofariki. Mi nilikuwa kwenye Coaster natoka Moshi, dereva akazima muziki. Waliokuja baada yake wana kamera nzuri kuliko zake, mwanga mzuri, saundi nzuri, na baadhi nawapenda kweli, ila mtu wa kusimamisha mji mzima sijamuona tena, na shosti anasema sio kosa lao, mji siku hizi kila mtu ana skrini yake mkononi.

Af mama mwenye sehemu, nadhani alikuwa anatusikiliza muda wote, akaweka Sina Makosa ya Les Wanyika. Mzee akainuka. Hakucheza, alisimama tu, akashika kofia. Akatuambia hawa mnaowaita wa Kenya mzizi wao ulipita mji huu huu, na ni kweli, ndugu wale wa Kinyonga walitoka Tanga na Jamhuri Jazz, 1970 wakaja Arusha wakaunda Arusha Jazz, mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi wakawa Simba Wanyika, na 1978 wengine wakajitoa wakaunda Les Wanyika. Mzee alikuwa kijana wa kubeba magunia sokoni miaka hiyo. Anasema alikuwa anasikiliza gitaa lao akiwa nje ya ukumbi kwa sababu hela ya kiingilio hana, na gitaa hilo hilo miaka kumi baadaye anasikia redioni linatokea Nairobi akalijua. Mwanae, mtu mzima ana mvi, alikuwa anamwangalia baba yake na mdomo wazi, akatuambia hii stori hajawahi kuisikia.

Hicho kitu hakiwezi kutokea sehemu yenye spika nne. Mzee angekula, angefuta mikono, angeondoka, na mwanae asingejua kwamba baba yake alikuwa anasimama nje ya ukumbi kusikiliza gitaa. Haya mambo yetu, ya Lufufu, ya Arusha Jazz, ya nani aliimba nini wapi, mengi tunayo vichwani mwa watu, na vichwa vyenyewe vinazeeka, kwa hiyo sehemu inayowaacha watu wakaongea mi naichukulia ni kitu cha maana sana mjini, nasema kutoka moyoni.

Mengine tulipita haraka. Diamond na Kiba hatukugusa, tumechoka nayo sote wawili. Moshi na Arusha nani ana wasanii wakali tulibishana kidogo, shosti ana Nandy, aliyezaliwa Moshi, na hamuachii mtu, mi nina Vanessa Mdee aliyezaliwa Arusha pamoja na jeshi zima la Weusi, akaniambia idadi sio hoja, tukaacha. Jarida la Sani tulilikumbuka, vile vibonzo vya Madenge na Lodi Lofa, shosti aliyaficha chini ya godoro maana baba yake alisema yanaharibu watoto, na leo huyo mtoto aliyeharibiwa ni mwalimu wa Kiswahili.

Bili yetu kwa kilo moja na nusu, ndizi nne, Stoney mbili, chai ya tangawizi mara mbili na bia moja ya shosti ilikuja chini ya 40,000, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi, kila kitu kimetajwa. Lipa namba wanayo ila usiku ule mtandao ulikuwa unasumbua, bebeni na keshi kidogo. Maji ya kunawa ni ya baridi, wangeweka ya moto mwezi wa sita mpaka wa nane watu wangewashukuru. Choo ni kisafi lakini taa ya njiani kuelekea huko ilikuwa haiwaki, mnatumia tochi ya simu, na kuna kisiki cha mti mtajikwaa, mama nilimwambia akasema fundi anakuja. Mabenchi hayana egemeo kwa hiyo mwenye mgongo aombe kiti cha plastiki, vipo viwili vitatu jikoni.

Kufika ni rahisi, bodaboda au bajaji kutoka mjini kati, kurudi baada ya saa nne usiku muombe yule kijana wa kuhudumia akuitie mtu anayemjua, anaita na anasubiri mpaka umepanda. Jumatatu hawachomi. Wikiendi kukiwa na mechi kubwa kelele ipo, mkitaka kuongea nendeni Jumanne mpaka Alhamisi, mkae meza ya karibu na jiko la kuchomea, na mkifika muulizeni mchomaji ameangalia muvi gani juzi.